Daktari hafunzwi kitandani pekee: Somo la William Osler kwa nchi ya chai

Anayetaka kuijua afya ya nchi ya chai asianzie wadini. Na aende asubuhi ya Jumatatu katika hospitali yoyote ya Kericho au Bomet, kabla umande haujakauka majanini, akaketi kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Hapo atamkuta mama aliyeondoka Kimulot alfajiri, amembeba mgongoni mtoto mwenye homa. Atamkuta mzee wa Sotik ambaye magoti yake yamegoma. Atamkuta mchuma chai ambaye mgongo umemwuma kwa miaka mingi ya kubeba kikapu, na bibi ambaye shinikizo la damu limempanda bila yeye kujua. Wengi wao hawatalazwa. Watasikilizwa kwa dakika chache, watapewa dawa, kisha watarudi makwao kwa matatu au kwa miguu, na aliyewatibu hatapata kujua kama walipona au la.

Mimi si daktari. Ni mtoto wa wakulima niliyelelewa kati ya mistari ya michai, na sina ujuzi wa tiba ila ule wa mtu aliyeuguza. Hata hivyo nina neno la kusema kuhusu benchi hilo na kuhusu vijana wanaofunzwa udaktari karibu nalo, kwa maana shangazi yangu aliketi hapo mara nne.

Shangazi alikuwa na ekari moja na nusu ya chai. Kila alfajiri alichuma, na kila adhuhuri alifikisha majani kwenye kituo cha kununulia. Siku moja alianza kulalamika kwamba ugali unamkwama kifuani. Akawa anaushushia kwa chai moto. Baadaye ugali ukakataa kabisa, akahamia uji. Katika muda wa miezi saba alikwenda hospitali moja, ambayo sitaitaja, mara nne. Kila mara alikutana na kijana mwingine aliyekuwa katika mafunzo, na kila mara alirudi na dawa ya vidonda vya tumbo. Hakuna aliyefungua daftari kusoma alichoandika mwenzake. Hakuna aliyemwuliza kwa nini nguo zake zilikuwa zimempwaya.

Mara ya tano tulimpeleka tumemshika mikono. Hapo ndipo alipolazwa, na hapo ndipo masomo yalipoanza. Kamera ilipitishwa kooni, saratani ya umio ikaonekana. Asubuhi iliyofuata niliwakuta wanafunzi saba wamekizunguka kitanda chake pamoja na mkuu wao. Walimpapasa shingo, wakamwuliza yote ambayo hakuwa ameulizwa kwa miezi saba, nao wakaandika kwa bidii. Walikuwa vijana wenye adabu na akili. Shangazi, ambaye hakuwahi kukanyaga darasa la sita, alikuwa amegeuka somo. Alizikwa kabla ya bonasi ya mwaka ule kulipwa.

Sisemi kwamba angepona. Saratani ya umio ni katili, na aghalabu chakula kinapoanza kukwama huwa ugonjwa umekwisha kupiga hatua. Ninalosema ni kwamba alifunzia watu akiwa mahututi, ilhali alipokuwa akitembea kwa miguu yake hakumfunza yeyote, kwa kuwa pale alipoketi hapakuwa na mwalimu.

Baada ya matanga nilimwuliza kijana mmoja wa ukoo wetu, anayesomea udaktari, kwa nini mambo yako hivyo. Alinijibu kwa heshima kwamba kwa wagonjwa wa nje kuna kazi tu, bali elimu iko wadini, waliko wakuu. Kisha akaniongezea jina ambalo sikulitarajia katika boma letu. Akasema ndivyo alivyofundisha William Osler, baba wa udaktari wa kisasa, aliyewatoa wanafunzi darasani na kuwapeleka kitandani kwa mgonjwa.

Jina hilo sikulisahau. Nilitafuta habari za mtu huyo, nikasoma maisha yake, nikagundua kwamba kijana wetu alikuwa amepewa nusu ya hadithi. Leo, msomaji wangu, nataka kukusimulia nusu zote mbili.

William Osler alizaliwa tarehe 12 Julai 1849 katika kijiji cha Bond Head, sehemu ya Canada ambayo sasa ni mkoa wa Ontario. Baba yake alikuwa kasisi wa Kianglikana aliyetoka Cornwall, Uingereza, kuja kuhubiri mahali ambapo misitu ilikuwa bado inafyekwa. Mtoto huyu alikuwa mtundu shuleni, na wazazi wake walitumaini kwamba utundu ungepoa naye angeshika joho la baba. Akaanza kweli kusomea dini katika Chuo cha Trinity mjini Toronto. Lakini alikuwa amekutana na mwalimu mmoja kasisi, W. A. Johnson, aliyependa kuchunguza vijidudu vya majini kwa hadubini, na daktari mmoja, James Bovell, aliyempa ruhusa ya kupekua vitabu vyake. Mwaka 1868 Osler akaacha masomo ya dini akaingia ya udaktari. Alianzia Toronto, akahamia Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, akahitimu mwaka 1872.

Kama walivyofanya vijana wenye uwezo wa enzi hizo, alivuka bahari kwenda kujiongezea elimu London, Berlin na Vienna. Akiwa London alichunguza zile chembe ndogo za damu zinazosaidia damu kuganda, na akawa miongoni mwa wa kwanza kuzieleza vizuri. Aliporudi McGill mwaka 1874 alikuwa na umri wa miaka 25 tu, akapewa kazi ya kufundisha.

Hapo Montreal ndipo tabia yake ilipodhihirika. Chuo hakikuwa na hadubini za kutosha wanafunzi. Osler akakubali kazi ambayo wengi waliikwepa, ya kuhudumia wadi ya ndui, na malipo aliyopata humo akayatumia kuwanunulia wanafunzi wake hadubini. Ndui yenyewe ikamshika, ila kwa bahati haikumtesa sana. Mchana alitibu na kufundisha, na saa nyingine alikuwa katika chumba cha maiti akipasua mamia ya miili ili ajue kama lile alilodhani mgonjwa akiwa hai ndilo lililomwua kweli. Mtu anayekubali kosa lake lifunuliwe na maiti ni mtu anayetaka kujua.

Mwaka 1884 aliitwa Philadelphia, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Inasimuliwa kwamba barua ilimkuta safarini Ujerumani, naye akashindwa kuamua, hata akarusha sarafu juu ili iamue. Miaka mitano baadaye, mwaka 1889, hospitali mpya ya Johns Hopkins ilifunguliwa Baltimore, na Osler akawa daktari wake mkuu wa magonjwa ya ndani.

Ni vyema nieleze hali ya mafunzo ya udaktari Marekani wakati huo. Vyuo vingi vilikuwa biashara. Mwanafunzi alilipa karo, akaketi katika ukumbi mkubwa kusikiliza mihadhara, akapewa shahada. Wapo waliohitimu bila kuwahi kumgusa mgonjwa wala kusikiliza moyo wa mtu. Kijana wa namna hiyo alianza kujifunza siku alipofungua zahanati yake, na waliolipia masomo hayo walikuwa wagonjwa wake wa kwanza.

Chuo cha udaktari cha Johns Hopkins kilichelewa kwa uhaba wa fedha, kikafunguliwa mwaka 1893 baada ya Mary Elizabeth Garrett, mwanamke tajiri wa Baltimore, kutoa mchango mkubwa. Alitoa kwa sharti kwamba wanawake wapokewe sawa na wanaume, na hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu darasa la kwanza. Katika miaka hiyohiyo Osler alikamilisha mambo mawili makubwa ya maisha yake. Mwaka 1892 alichapisha kitabu kikubwa cha tiba ambacho kilitumiwa na madaktari wa nchi nyingi kwa miongo kadhaa, na mwaka huohuo akamwoa Grace Revere Gross, mjane wa daktari mwenzake.

Sasa tufikie lile ambalo kijana wetu aliniambia. Ni kweli kwamba Osler aliwaingiza wanafunzi wadini, si kama watazamaji bali kama wafanyakazi. Mwanafunzi wa mwaka wa nne alikabidhiwa wagonjwa wake. Aliandika historia ya ugonjwa, akapima damu na mkojo, akamfuata mgonjwa siku baada ya siku, na mkuu alipopita asubuhi ni mwanafunzi huyo aliyesimama kueleza. Kwa nchi hiyo yalikuwa mageuzi, na Osler mwenyewe aliyathamini kuliko vitabu vyake vyote. Alitamani akumbukwe, ikiwa angekumbukwa, kwa kuwafundisha wanafunzi wadini.

Lakini huo ulikuwa mwaka wa nne. Mwaka wa tatu ulikuwa wa wapi? Hapa ndipo nusu ya pili ya hadithi ilipo. Mwanafunzi wa Osler, kabla ya kukabidhiwa kitanda, alipelekwa kwa wagonjwa wa nje. Zahanati ya Johns Hopkins ilipokea maskini wa Baltimore waliokuja na kurudi nyumbani, na kando yake palikuwa na chumba ambamo Osler mwenyewe, mkuu wa idara, aliketi na darasa hilo mara kadhaa kwa wiki. Mgonjwa aliletwa moja kwa moja kutoka kwenye foleni. Mwanafunzi hakuwa amemwona kabla, wala hakuwa na karatasi ya kumwambia ugonjwa ni upi. Alitakiwa kwanza atumie macho yake: mtu huyu anatembeaje, anapumuaje, mikono yake ni ya kazi gani? Kisha aulize, kisha apapase, kisha aseme anachofikiri, na kukosolewa pale pale mbele ya wenzake. Tena kazi haikuishia hapo. Mwanafunzi alitakiwa kufuatilia yaliyompata mgonjwa huyo na kuja kuliarifu darasa siku nyingine.

Utaona basi kwamba mpango wake ulikuwa na ngazi. Kwa wagonjwa wa nje mwanafunzi alikutana na ugonjwa ukiwa mchanga, umejificha, haujapewa jina. Wadini alikutana nao ukiwa umekomaa, naye akapata muda wa kuutazama unavyokwenda. Aliyeanza na benchi alifika kitandani akiwa tayari ana macho. Sisi tumeishika ngazi ya juu tukaisahau ya chini, kisha tunamtaja Osler kuwa shahidi wetu.

Liko jambo la tatu, nalo ndilo lililonigusa kuliko yote. Katika siku hizo kifua kikuu kiliua watu wengi Baltimore. Wagonjwa walikuja kwenye zahanati, wakaambiwa walale penye hewa safi, wale vizuri, wasiteme mate ovyo, wakaenda zao. Osler akataka kujua kama maagizo hayo yana maana yoyote nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1890 alimtuma mwanafunzi wake, Adelaide Dutcher, awatembelee wagonjwa hao makwao. Dutcher alipanda ngazi za nyumba zenye giza, akaingia katika vyumba vilivyosongamana ambamo hewa safi ilikuwa ndoto, akakuta mgonjwa na watoto wake wakilala pamoja. Mwaka 1900 aliwasilisha taarifa yake mbele ya madaktari. Mwanafunzi alikuwa amewafundisha wakuu kwamba maagizo yao hayakuweza kutekelezwa na maskini waliopewa. Kutokana na juhudi za namna hiyo, na kwa msaada wa tajiri Henry Phipps, zahanati maalumu ya kifua kikuu ilifunguliwa hospitalini hapo mwaka 1905.

Mwaka huohuo Osler aliondoka kwenda Oxford, Uingereza, kuwa profesa wa udaktari kwa uteuzi wa mfalme. Hotuba yake ya kuaga ilimletea fedheha. Alidokeza kwamba kazi kubwa za dunia hufanywa na watu walio chini ya miaka 40 na kwamba wenye miaka 60 wapumzike, akachanganya na mzaha kuhusu dawa ya usingizi. Magazeti yaliuchukua mzaha kama ulivyo, na wazee wakamkasirikia kwelikweli.

Hilo lilikuwa kosa la ulimi. Yapo mazito zaidi, na haifai Mwafrika asimulie maisha ya mtu huyu akayafumbia macho. Katika hospitali aliyoiongoza wagonjwa weusi walilazwa mbali na weupe, na chuo kile kilichowafungulia mlango wanawake mwaka 1893 kiliendelea kuwafungia watu weusi kwa miongo mingi baada yake. Mwaka 1914 Osler mwenyewe alitetea hadharani kwamba Canada ibaki nchi ya wazungu. Alikuwa na macho makali ya kumwona mgonjwa, lakini hayakumwona kila mtu sawasawa. Tunachukua kwake mbinu ya kazi, utakatifu hatumpi.

Mwaka 1911 alipewa cheo cha heshima cha ukoo na Ufalme wa Uingereza, akawa Sir William. Kisha vita vikaja. Mwanawe Revere, mtoto pekee aliyebaki baada ya mkubwa wake kufa angali mchanga, aliuawa Ubelgiji Agosti 1917. Osler hakurudi kuwa yule wa zamani. Alifariki Oxford tarehe 29 Desemba 1919 kwa matatizo yaliyotokana na nimonia, ugonjwa alioufundisha maisha yake yote. Vitabu vyake, maelfu kwa maelfu, aliviachia McGill, na majivu yake yamehifadhiwa humo humo maktabani.

Sasa turudi nyumbani. Je, mambo ya Baltimore ya zaidi ya miaka 100 iliyopita yanatuhusu nini sisi wa Kericho na Bomet?

Kwanza, wadi aliyoijua Osler haipo tena. Wakati wake mgonjwa wa homa ya matumbo alilala kitandani kwa wiki nyingi, na mwanafunzi aliuona ugonjwa tangu ulipopanda hadi uliposhuka. Leo dawa ni kali, vitanda ni vichache, gharama ni kubwa, na mgonjwa huondolewa mara tu anapoweza kusimama. Kisukari, shinikizo la damu, kifafa, Ukimwi na pumu vinatibiwa kwa miaka mingi na watu wanaolala majumbani mwao. Yale ambayo Osler aliyaona kitandani kwa mwezi mmoja, siku hizi hutokea kati ya ziara moja ya kliniki na nyingine. Anayetaka kumfuata Osler kwa dhati hana budi kuufuata ugonjwa ulikohamia.

Pili, nchi yetu ina ugonjwa wake. Madaktari wa Tenwek, kule Bomet, wameandika kwa miaka mingi kuhusu saratani ya umio inayowapata watu wa huku kwa wingi usio wa kawaida, hata vijana ambao kwingineko usingewatazamia. Kiini chake bado kinachunguzwa. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, yamkini huchangia saratani hiyo. Na ni nani kati yetu asiyejua jinsi chai inavyonywewa huku, ikitoka jikoni inafuka? Maradhi ya namna hii hayagunduliwi mapema wadini, kwa kuwa mgonjwa hafiki wadini mapema. Hugunduliwa na kijana aliye kwenye meza ya wagonjwa wa nje, mwenye sikio la kusikia kwamba ugali unakwama.

Tatu, hatuanzi na mikono mitupu. Tenwek yenyewe, ambayo leo hufunza madaktari wa upasuaji, ilianza kama zahanati iliyoendeshwa na wauguzi wa misheni katika miaka ya 1930, muda mrefu kabla ya daktari wake wa kwanza, Ernest Steury, kufika mwaka 1959. Mashamba makubwa ya chai ya Kericho yalijenga zahanati zao zilizopeleka wagonjwa katika hospitali kuu ya kampuni, na kumbukumbu zilizotunzwa humo tangu miaka ya 1960 zimewasaidia wataalamu wanaochunguza uhusiano wa malaria na hali ya hewa katika nyanda za juu. Daftari la foleni, likitunzwa vizuri, ni hazina ya elimu. Kaskazini yetu, mjini Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1990, kiliweka katika masomo yao utaratibu wa kuwapeleka vijijini na katika vituo vya afya, wakaishi karibu na watu na kujifunza maradhi yanakozaliwa. Na hapa petu, Kericho na Kapkatet kuna vyuo vinavyofunza wahudumu wa afya, ambao ndio watakaoketi kwenye meza hizo maisha yao yote.

Nawasikia wakuu wa hospitali wakinijibu kwamba foleni ni ndefu, vyumba ni vidogo, na daktari akisimama kufundisha watu watakesha. Wana haki. Kumfundisha kijana mbele ya mgonjwa huchukua muda, na mama wa Kimulot ana mtoto mwenye homa na ng'ombe wa kukama jioni. Lakini Osler naye alikuwa na umati wa maskini mlangoni. Hakufundishia kila mgonjwa. Alimchagua mmoja au wawili, akaketi nao pembeni, foleni ikaendelea. Tofauti ni kwamba aliyeketi alikuwa yeye mkuu, si kijana aliyeachwa peke yake na watu 60.

Nionavyo mimi, mambo manne yanawezekana bila kungoja bajeti mpya. La kwanza ni daktari bingwa atenge asubuhi moja au mbili kwa wiki aketi kwa wagonjwa wa nje pamoja na wanafunzi, na kazi hiyo ihesabiwe kuwa na heshima sawa na mzunguko wa wadini. La pili ni kila mwanafunzi akabidhiwe wagonjwa wachache wa kuwafuata kwa miezi, awajue kwa majina, na akihamishwa awakabidhi kwa mwenzake. Laiti shangazi angekuwa na kijana mmoja aliyemwona mara mbili, huyo angeona kwa macho kwamba amekonda. La tatu ni mwanafunzi afike walau mara moja nyumbani kwa mgonjwa wake, kama Dutcher, aone moshi wa jikoni, umbali wa maji, na jinsi chai inavyonywewa. La nne ni lugha. Wengi wa vijana hawa wanatoka mbali, na bibi wa Longisa anayejua Kikipsigis peke yake huwa anaeleza maumivu yake kupitia kwa mjukuu au mfagiaji. Kijana afunzwe walau maneno ya kuuliza panauma wapi, tangu lini, na chakula kinapitaje.

Tangu afya ilipokabidhiwa kaunti mwaka 2013, tumejenga majengo na kuyazindua kwa ngoma na riboni. Sina ugomvi na majengo. Lakini jengo halimwulizi mgonjwa swali la pili. Anayeuliza ni mtu, na mtu huuliza alivyofunzwa. Samaki mkunje angali mbichi. Kijana aliyefunzwa kwamba benchi ni adhabu na wadi ndiyo elimu atalikimbia benchi maisha yake yote, na sisi tulio wengi tutabaki hapo hapo tukimngoja.

Juzi nilipita katika hospitali ile nikimsindikiza jirani. Benchi bado lipo, limechakaa zaidi, na watu walikuwa wamejaa hadi uani. Ndani ya chumba kidogo niliona kijana peke yake, mchovu, akiandika bila kuinua uso. Mbele yake alikuwa ameketi mama mmoja wa makamo, mwenye vidole vilivyotiwa rangi na utomvu wa chai kama vya shangazi yangu, akijaribu kumweleza jambo. Mlango ulifungwa kabla sijasikia ni jambo gani. Natumaini aliyemo ndani alilisikia.